Kuvuma kwa Masikio na Makelele ya Nyumbani

Yako maradhi yasiyoonekana kwa macho, na mwenye nayo huonewa shaka. Mojawapo ni kuvuma kwa masikio: mtu husikia mlio kama wa filimbi au nyenje, ilhali nje hakuna kinacholia. Mara nyingi asili yake ni kuharibika kwa sikio la ndani kwa sababu ya uzee au makelele makubwa. Basi mzee akilalamika, haifai wanawe kumcheka, wala kukimbilia kusema ana majini.

Makelele ya nyumbani huweza kuuzidisha mvumo huo na kumnyima mgonjwa usingizi, kwa hivyo yapasa yatafutwe kwa utaratibu. Usiku, baada ya sala ya Isha, zimeni umeme wote kwenye swichi kubwa, mkae kimya dakika chache. Mlio anaoendelea kuusikia yeye peke yake ni wa masikio yake. Uliotoweka ulikuwa wa nyumba. Kisha washeni kitu kimoja kimoja: taa, feni, televisheni, chaja ya simu, friji. Friji isihukumiwe upesi, kwani mashine yake huwaka na kuzima yenyewe. Ingojeni mpaka ingurume. Na awepo kijana, maana masikio ya ujanani husikia milio myembamba asiyoisikia mtu mzima.

Mkishakijua chanzo, dawa ni nyepesi. Friji isogezwe mbali na ukuta na miguu yake isimame sawa, feni ikazwe skrubu, chaja ichomolewe. Lakini chumba kisifanywe kimya kabisa, kwa kuwa kimya kikubwa huudhihirisha mvumo. Feni ya polepole isiyogonga humfaa mgonjwa usiku.

Mvumo ukiwa wa sikio moja tu, au ukienda pamoja na mapigo ya moyo, mgonjwa amwone daktari. Na usikivu ukipungua ghafula, asingoje hata kidogo. Amtajie pia dawa anazotumia, kwani kwinini, na aspirini ikizidi, huweza kuleta mvumo.

Nanyi vijana, jilindeni mapema. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri anayesikiliza kwa vifaa vya masikioni asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Katika Sura Luqman, aya ya 19, Luqman anamuusia mwanawe ateremshe sauti yake. Nyumba inayoushika wasia huo humpumzisha mzee wake na kuyahifadhi masikio ya watoto wake.