Athari za Mifumo ya Kurejesha Nishati kwa Matumizi ya Mafuta katika Magari ya Mashindano: Mfano wa Safari Rally

1.0 Utangulizi

Gari linapofungwa breki, nishati mwendo yake hugeuka joto na kupotea hewani. Mfumo wa kurejesha nishati hunasa sehemu ya nishati hiyo: mota ya umeme huzalisha umeme unaohifadhiwa kwenye betri na kutumika gari linapoongeza kasi. Makala haya yanachunguza iwapo mfumo huo hupunguza matumizi ya mafuta katika magari ya mashindano. Swali hili lina uzito nje ya michezo pia, kwa kuwa magari mseto yaliyokwishatumika huingizwa nchini, na mnunuzi wa Mbwara, Rufiji, anahitaji kujua kama nafuu anayoahidiwa itapatikana katika barabara zake za mchanga na tope. Hoja kuu ni kwamba kifaa peke yake hakiamui. Huamua namna nishati iliyorejeshwa inavyotumiwa, pamoja na hali ya barabara.

2.0 Kiasi cha Nishati Kinachoweza Kuokolewa

Tuchukue gari la kilo 1,400 linalopunguza mwendo kutoka kilomita 108 hadi 54 kwa saa. Nishati mwendo yake hupungua kwa takriban kilojuli 470. Tukikadiria kuwa nusu yake hurudi kwenye magurudumu, tunapata kilojuli 235. Lita moja ya petroli ina takriban megajuli 32, na injini yenye ufanisi wa asilimia 30 hutoa humo kazi ya megajuli 9.6. Kwa hiyo, kufunga breki mara moja kwa kiwango hicho huweza kuokoa mililita 25 hivi. Zinahitajika mara 40 ili kuokoa lita moja.

3.0 Nafasi ya Kanuni za Mashindano

Mwaka 2009, kanuni za Formula 1 ziliruhusu mota ya kilowati 60 kutoa kilojuli 400 kwa kila mzunguko. Mafuta hayakuwekewa kikomo, hivyo nishati hiyo ilitumika kuongeza kasi. Mwaka 2014 mambo yaligeuka: kila gari liliwekewa kikomo cha kilo 100 za mafuta kwa shindano zima, na mota ya breki ikaongezwa hadi kilowati 120. Hapo nishati iliyorejeshwa ililazimika kuchukua nafasi ya mafuta. Hata hivyo, injini nazo zilibadilishwa mwaka huohuo, kwa hiyo nafuu yote haiwezi kuhesabiwa kuwa ya mfumo huu.

Safari Rally ya Kenya inaonyesha upande wa pili. Kuanzia mwaka 2022 hadi 2024, magari ya daraja la juu yaliyoshindana Naivasha yalikuwa na mota ya kilowati 100 na betri ya kilowati-saa 3.9. Katika hatua za ushindani, nguvu hiyo iliongezwa juu ya ile ya injini, haikuipunguzia kazi. Isitoshe, uzito wa chini ulipanda kutoka kilo 1,190 hadi 1,260. Mwendo wa umeme mtupu katika eneo la matengenezo uliokoa petroli, lakini betri ilichajiwa pia kwa waya. Umeme huo haukutokana na breki. Mwaka 2025 mitambo hiyo iliondolewa.

4.0 Nafasi ya Barabara

Katika vumbi jingi la Kedong, magurudumu huzama na mchanga hula nishati mwendo kabla dereva hajagusa breki. Kinachobaki cha kunaswa ni kidogo, ilhali uzito wa betri na mota hubebwa safari nzima. Hali hii inafanana na ya barabara za Mbwara kuliko ilivyo lami ya Formula 1.

5.0 Hitimisho

Mfumo wa kurejesha nishati hupunguza matumizi ya mafuta pale tu nishati inaporejeshwa kwa wingi na kutumika badala ya mafuta. Inapotumika juu ya mafuta, huzaa kasi. Kwa hiyo, takwimu za mashindano, au za foleni za mjini ambako breki hufungwa mara kwa mara, zisihamishiwe vijijini bila kipimo. Inapendekezwa kwamba gari mseto na gari la kawaida lenye ukubwa sawa yapimwe katika barabara ileile ya Rufiji, yakiwa na mzigo sawa, wakati wa kiangazi na wakati wa masika.