Kusi Ilipotukuta Ndau

Wasomaji wakaao bara, waliozoea safari za basi na gari moshi, huenda wakadhani ya kuwa nahodha hodari ni yule ashindanaye na dhoruba. Mimi pia nilidhani hivyo hata Agosti 2008, niliporudi Lamu kutoka kisiwa cha Kiwayu katika mashua ya tanga moja. Tulikuwa watu 7 pamoja na nahodha.

Yafaa nieleze kwanza habari za pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hata Machi. Kusi tangu Aprili hata Septemba, na ukali wake mkubwa huwa Juni, Julai na Agosti. Wakati wa kusi, atokaye Lamu kwenda Kiwayu husukumwa na upepo kama mtu ateremkaye mlima. Kurudi ndiko kazi. Chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo usoni, basi hubisha, yaani huenda mshazari huku na huku, na njia fupi ikawa ndefu.

Tuliondoka asubuhi. Wawili wetu walikalia ubao uliotokezwa nje upande wa joshini, ili uzito wao uizuie mashua isilale. Tulipokaribia kisiwa cha Ndau, mbingu ya kusini ikawa nyeusi, na maji yakageuka rangi ya risasi.

“Tueni tanga!” alisema nahodha, wala hakupaza sauti.

Foromali ilikuwa haijafika chini dhoruba ilipotupiga. Mawimbi yakaingia. Kijana mmoja akashika upo akafua maji. Mimi nikatumia sufuria, nikasahau ya kuwa mna mchele wetu ndani. Kwa kipande kidogo cha tanga nahodha akaiingiza mashua nyuma ya Ndau, akatia nanga karibu na mikoko. Maji yalikuwa shwari pale, lakini ngurumo ya mawimbi yakivunjika mwambani tuliisikia.

Hapo ugomvi ukaanza. Msafiri mwenzetu, karani ambaye likizo yake ilikwisha siku ile, alitaka tuendelee mara mvua ilipoanuka. Akaahidi nauli maradufu. Nakiri nilikuwa upande wake.

“Bwana karani,” nahodha akajibu, “iliyokwisha ni mvua, bahari bado. Mkubwa wako akikasirika, nitakwenda kusema naye. Bahari ikikasirika, niseme na nani?”

Kabla ya magharibi ikaja dhoruba ya pili, kali kuliko ya kwanza. Ingalitukuta nje. Karani hakusema neno. Alitandika mkeka wake juu ya tanga lililolowa, akalala.

Kesho yake tulishika njia ya ndani, kaskazini ya kisiwa cha Pate, tukipita Faza, na penye maji haba tukisukuma kwa pondo. Saa kumi alasiri tuliwasili Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Miaka ile maji yakipwa, pale palikuwa pakibaki matope; siku ile ya bamvua tulikuta yamejaa tele, tukapita.

Karani alilipa nauli ya kawaida. Asubuhi iliyofuata nilimwona akienda ofisini, na kando yake nahodha, amevaa kanzu safi na kofia.