Jenereta Itafutiwe Mahali Kabla ya Kununuliwa

Jenereta ndogo ya petroli haihitaji kuharibika ndipo iue mtu. Inaweza kuwaka vizuri, taa zikang'aa, simu zikajaa chaji, na bado ikawamaliza waliolala chumba cha pili. Katika mji wa mpakani kama Bunagana, ambako upande mmoja ni Kisoro ya Uganda na upande mwingine ni barabara ya Rutshuru na Goma nchini Kongo, mashine hizi huendesha saluni, vibanda vya kuchaji simu, makanisa na karakana za kuchomelea vyuma. Kituo cha umeme wa maji cha Matebe, kilichozinduliwa Desemba 2015 huko Rutshuru, kimewapunguzia wengi mzigo huo, lakini haja ya jenereta haijaisha. Wamiliki wengi hutenganisha mambo mawili: matunzo huyaona kuwa ya kulinda mali, na usalama huuona kuwa kazi ya waoga. Hoja ya makala haya ni kwamba mambo hayo mawili ni kazi moja, na anayeipuuza hulipia mara mbili, kwanza mfukoni, kisha kwa uhai.

Wakazi wa Goma na Sake wanaijua hewa inayoua bila kuonekana. Mazuku, yaani kaboni dayoksidi inayotoka ardhini kwenye miamba ya volkano, hutuama mabondeni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo anayejua mashimo yake huyakwepa. Moshi wa jenereta una gesi nyingine, kaboni monoksidi, na hii haikwepeki kwa kupanda juu. Huchanganyika na hewa yote ya chumba, ikapita chini ya mlango na katika nyufa za mbao. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na moyo na ubongo vikakosa hewa huku mtu akiendelea kupumua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ndiyo maana ni rahisi kuzidhania malaria. Wenye nyumba wakiugua pamoja, bila homa, nao wakapata nafuu wakitoka nje, jenereta ndiyo ishukiwe kwanza. Izimwe, kila mtu atolewe kwenye hewa safi, na aliyelegea afikishwe hospitali yenye oksijeni bila kuchelewa.

Mwinuko wa nchi unaliongezea jambo hili uzito. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Bunagana inapita mita 1,800. Watengenezaji wa injini hizi hukadiria kwamba nguvu hupungua kama asilimia 3.5 kwa kila mita 300 za mwinuko, hivyo mashine iliyofika Bunagana imekwisha poteza takriban sehemu moja ya tano ya nguvu zilizoandikwa kwenye boksi lake. Asiyejua hilo huitwika mzigo kamili, ikachemka na kuchakaa upesi. Tena kabureta iliyopimwa kwa nchi za chini huleta petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Matokeo yake ni moshi mweusi, buji lililojaa masizi, mafuta yanayoteketea bure na kaboni monoksidi nyingi zaidi. Filta iliyozibwa na vumbi la barabara husababisha hayo hayo. Fundi anaweza kuweka jeti ndogo inayofaa mwinuko, mradi irudishwe ya awali iwapo mashine itahamia nchi ya chini kama Kisangani. Hapa ndipo hoja inapothibitika: filta safi hupunguza gharama ya petroli na sumu kwa mkono mmoja. Hata hivyo, injini isiyotoa moshi unaoonekana bado hutoa gesi hiyo, kwa hiyo matunzo hayaipi ruhusa ya kuingia ndani.

Ratiba ya matunzo si ndefu. Oili ya injini ya mipigo minne ipimwe kila mara kabla ya kuwasha, mashine ikiwa mahali tambarare. Mashine mpya kwa kawaida hubadilishwa oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au miezi sita. Injini ya sentimita za ujazo 163, iliyo ya kawaida sana, huchukua kama lita 0.6 tu. Filta ya hewa isafishwe kila saa 50, na mapema zaidi penye vumbi. Kwa injini za mipigo miwili, oili huchanganywa na petroli, na kipimo kifuatwe kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza, kwani pungufu huunguza pistoni. Petroli iliyolala miezi kadhaa huchacha na kuacha utando kwenye kabureta. Bunagana ilipotwaliwa na waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022, maelfu walivuka kwenda Uganda, na mtu anayekimbia vita hawezi kulaumiwa kwa kutomwaga petroli. Akirudi, asianze kwa kuvuta kamba. Amwage mafuta ya zamani, asafishe kabureta, ndipo awashe.

Kuhusu moto, eneo hili la Kivu limekwisha fundishwa kwa msiba. Siku chache baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka Januari 2002, kituo cha mafuta kilishika moto Goma na kuua makumi ya watu waliokuwa wakichota petroli. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu Kusini, na zaidi ya watu 200 wakafa. Bidoni ya nyumbani ni ndogo, lakini mvuke wake una tabia ile ile: ni mzito, hutambaa sakafuni, na huufuata moto ulio mbali na bidoni yenyewe. Kwa hiyo injini izimwe na ipoe kama robo saa kabla ya kujazwa, mchana, mbali na jiko la makaa na sigara. Bidoni ifungwe vizuri, isilale chumba kimoja na watu, wala isichanganywe na za maji.

Wapo watakaosema kwamba jenereta ikilala nje itaibiwa. Hofu hiyo ni ya haki, lakini jibu lake ni chuma: kizimba cha nondo kilichozikwa kwenye zege, mnyororo, na bati juu la kuzuia mvua huku pande zote zikiwa wazi, angalau mita sita kutoka mlango na dirisha lolote, la jirani likiwemo. Wengine watasema wamefungua dirisha, au wamekaa nayo ndani miaka mingi bila madhara. Dirisha halitoshi, kwa sababu upepo hubadilika na gesi huzalishwa mfululizo. Na miaka ya salama inathibitisha tu kwamba mlango na upepo viliwasaidia hadi jana. Atakayesema hana fedha za haya yote alinganishe lita 0.6 za oili na bei ya injini mpya. Na pale paneli ya jua inapotosha kwa taa na simu, itumike, kwani kila saa ambayo injini haikuwaka imeokoa petroli na mapafu.

Basi bei ya jenereta isihesabiwe dukani peke yake. Ijumlishwe na kizimba, mnyororo, oili na filta, na muuzaji amweleze mnunuzi hayo kabla ya kupokea fedha. Asiyeweza kumudu jumla hiyo leo aungane na majirani wanunue moja na kuitunza pamoja, kuliko kila nyumba kuwa na yake ukutani. Mwanga unaostahili kununuliwa ni ule ambao waliolala karibu nao wataamka salama.