Jiko la mkaa, baridi na bomba la moshi: Unachotakiwa kujua kabla hujalala

- Mkaa uliokolea hautoi moshi, lakini bado unatoa gesi inayoua bila harufu.
- Bomba la moshi likifungwa vibaya linaweza kuunguza paa au kurudisha moshi ndani.
- Wenye shule, hoteli na migahawa wana masharti ya ziada ya kisheria.

Moshi. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ikishuka kutoka mlimani, familia nyingi za Marangu, Machame, Kibosho, Uru na Rombo hufanya jambo lilelile. Wakimaliza kupika chakula cha usiku, wanabeba jiko la mkaa hadi chumbani ili watoto walale na joto.

Mjini nako hali haiko mbali. Kwenye vyumba vya kupanga vya Majengo, Pasua na Njoro, jiko linalokaa mlangoni huingizwa ndani mvua ikianza kunyesha. Mlango unafungwa, dirisha linazibwa kwa pazia zito, maisha yanaendelea.

Tatizo ni kwamba kila msimu wa baridi, mikoa yenye baridi kali nchini hupata habari za watu waliolala na jiko na hawakuamka. Hakuna kilichoungua, hakuna aliyesikia kelele. Mtaani maneno huwa mengi, wengine wanasema sumu, wengine wanasema mkono wa mtu. Mara nyingi chanzo ni jiko lililokuwa chumbani.

Kwa nini mkaa usio na moshi unaua?

Watu wengi wanajua moshi ni mbaya. Ndiyo maana huwasha jiko nje, wanapepea, wanasubiri mkaa ukolee na moshi uishe, kisha wanaliingiza ndani wakiamini sasa ni salama.

Hapo ndipo penye mtego. Mkaa mwekundu usio na moshi hata kidogo bado unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu na haiwashi macho, hivyo mwili haukupi onyo kama unavyofanya moshi wa kuni.

Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kushika sehemu ambayo kwa kawaida hubeba oksijeni. Inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Matokeo yake mtu anaendelea kupumua vizuri, lakini ubongo na moyo vinakosa hewa. Aliyelala anazidi kuzama usingizini.

Chumba kidogo kilichozibwa vizuri ndicho hatari zaidi, kwa sababu gesi inajikusanya na mkaa wenyewe unakosa hewa ya kuungua vizuri, hivyo unazidi kuitoa. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Njia salama ni moja tu: jiko la mkaa lisilo na bomba la moshi halilali ndani na watu.

Hii inahusu pia mkaa mbadala. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) linatengeneza mkaa wa makaa ya mawe unaoitwa Rafiki Briquettes, na wapo wajasiriamali wanaotengeneza wa pumba na taka za shambani. Unaweza kupunguza ukataji wa miti na usumbufu wa moshi, lakini nao ni moto. Unahitaji hewa na haufai kulala nao. Makaa ya mawe ghafi, yasiyochakatwa, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri tangu mwaka 2014 yasitumike kabisa majumbani.

Bomba la moshi linafanyaje kazi?

Kwa anayepikia kuni, suluhisho la kati ni jiko lililojengewa bomba la moshi, au dohani. Kazi yake ni rahisi kuielewa. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Ikipanda kwenye bomba inavuta hewa nyingine kupitia mdomo wa jiko, moto unawaka vizuri na moshi unatokea juu ya paa badala ya usoni kwa mpishi.

Ili hilo litokee, bomba linahitaji vitu vitatu: urefu wa kutosha, kona chache na hewa ya kuingia jikoni. Wengi husahau hili la tatu. Ukijenga jiko zuri kisha ukaziba kila tundu ili kuzuia baridi, bomba halina hewa ya kuvuta. Moshi unageuka na kurudi ndani, ukiwa umebeba kaboni monoksaidi.

Pia bomba linasaidia jiko lililounganishwa nalo tu. Ukiweka jiko la mkaa pembeni ya jiko la kuni lenye dohani, gesi ya lile la mkaa inabaki chumbani.

Mambo ya kukubaliana na fundi

Mafundi wengi wanajua kujenga jiko, lakini si wote wanaofikiria paa. Nyumba nyingi za Kilimanjaro zina bati juu ya kenchi za mbao, na jiko la nje mara nyingi ni la mbao tupu au limeezekwa kwa nyasi au majani ya migomba. Vipimo vifuatavyo hutumika Marekani kwa majiko ya kuni na vinafaa kama mwongozo:

1. Umbali wa jiko. Jiko la chuma likae angalau sentimita 90 kutoka ukuta wa mbao, pazia, rundo la kuni au chochote kinachoshika moto.

2. Sakafu. Jiko likae juu ya zege, matofali au udongo, kamwe si juu ya mbao au zulia. Mbele ya mdomo wa jiko pawe wazi, kaa huanguka.

3. Umbali wa bomba. Bomba la chuma la ukuta mmoja liwe na nafasi ya takriban sentimita 45 kutoka mbao au silingi bodi. Linapotoboa paa, lisiguse kenchi. Mbao inayopata joto kila siku hukauka kiasi cha kushika moto kirahisi, hata kama miaka miwili ya kwanza haikuleta shida.

4. Urefu juu ya paa. Bomba lipite paa kwa sentimita 90 au zaidi, na liwe juu kwa sentimita 60 kuliko kitu chochote kilicho ndani ya mita tatu. Likiwa fupi, upepo unaogonga paa unasukuma moshi chini.

5. Malighafi. Tumia chuma kizito, matofali ya kuchoma au vigae vya udongo. Bomba la plastiki la maji halifai hata kwa kipande cha mwisho.

6. Kofia na mlango wa kusafishia. Kofia inazuia mvua na ndege. Sehemu ya chini iwe na tundu la kufungua ili kutoa masizi.

Kwa wanaoishi kwenye kihamba kuna la kuongeza. Mgomba au mgrevilea uliokuwa mdogo wakati bomba linajengwa utalipita baada ya muda. Matawi yakifunika mdomo wa bomba, mvutano unapungua na cheche zinapata pa kutua. Punguza matawi mapema.

Kuni mbichi, masizi na moto wa ndani ya bomba

Kuni za kihamba mara nyingi ni matawi ya mgrevilea na visiki vya kahawa vilivyotoka kukatwa. Msitu wa juu uliingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, hivyo huwezi kuingia na panga na kukata unavyotaka. Familia zinapika na kinachopatikana, hata kikiwa kibichi, hasa wakati wa masika.

Kuni mbichi hutumia nguvu nyingi ya moto kukausha maji. Moshi unakuwa baridi na mzito, kisha unaganda ndani ya bomba kama lami nyeusi. Lami hiyo inashika moto. Ikiwaka, bomba huvuma kama upepo mkali, linakuwa jekundu na linaweza kuwasha kenchi.

Kinga yake ni kupasua kuni, kuzipanga mahali penye paa na upepo, na kuzipa walau miezi sita. Bomba lisafishwe kwa brashi ndefu angalau mara moja kwa mwaka. Kwa wanaopika mbege kwa biashara, ambako ndizi huchemshwa kwa saa nyingi, mara moja haitoshi, ni bora kukagua kila baada ya miezi michache.

Majivu nayo yana kaa zilizojificha. Yawekwe kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta. Mfuko wa sandarusi au boksi si mahali pake.

Sheria inasemaje?

Ukiwa ndani ya Manispaa ya Moshi, kujenga jiko jipya la kudumu au kuongeza chumba ni ujenzi, na ujenzi unahitaji kibali cha halmashauri. Mchoro uonyeshe jiko lilipo, madirisha yake na bomba linapotokea. Mpangaji hapaswi kutoboa paa bila ruhusa ya mwenye nyumba.

Kwa hoteli, migahawa, shule na maeneo mengine ya umma, Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 na kanuni zake za mwaka 2008 zinahusu ukaguzi na vyeti vya usalama wa moto. Jiko ni sehemu ya kinachokaguliwa. Maofisa afya nao wana mamlaka chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 kushughulikia kero zinazohatarisha afya.

Taasisi kubwa zina sharti jingine. Mwaka 2023 Serikali ilitangaza kuwa zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo Januari 31, 2024, na zinazolisha zaidi ya 300 ifikapo Januari 31, 2025. Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Kwa hiyo shule inayofikiria kujenga dohani mpya ya kuni ijiulize kwanza kama fedha hizo zisielekezwe kwenye gesi au umeme.

Nyumbani kijijini hali ni tofauti. Ni nadra mtu kuja kukagua bomba lako. Ujerumani kuna mafundi maalumu wanaokagua dohani za nyumba kwa mujibu wa sheria, na Uingereza anayefunga jiko la kuni au makaa hutakiwa kuweka king'ora cha kaboni monoksaidi. Huku mkaguzi wa kwanza ni mwenye nyumba.

Dalili zikianza, fanya hivi

Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea na usingizi usio wa kawaida. Ni rahisi kudhani ni malaria au chakula kibaya. Kinachotofautisha ni kwamba watu kadhaa wa chumba kimoja huugua kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu.

- Fungua milango na toa watu wote nje mara moja. Usikae ndani kutafuta chanzo.
- Piga 114, namba ya dharura ya Zimamoto na Uokoaji.
- Wapeleke hospitali hata wakionekana wamepata nafuu, hasa watoto na wajawazito. Mjini Moshi kuna Mawenzi na KCMC. Mwambie daktari mlilala na jiko, maana hilo linabadilisha matibabu.

Sababu ya kukimbilia hospitali ni muda. Kwa hewa ya kawaida, mwili huchukua takriban saa nne hadi tano kutoa nusu tu ya gesi hiyo kwenye damu. Kwa oksijeni ya hospitali, muda huo hushuka hadi karibu saa moja na nusu au chini ya hapo.

Usiku wa leo kukiwa na baridi, ongeza blanketi, vaa soksi, jaza maji ya moto kwenye chupa uifunge kwa kitambaa. Jiko libaki nje.