Iron Maiden: Zilipendwa zisituzibe masikio

Mashabiki wa Iron Maiden wamekuwa kambi mbili kwa miaka mingi. Kambi ya zilipendwa inashikilia kwamba bendi hii ya London, iliyoasisiwa na mpiga besi Steve Harris mwaka 1975, ilimaliza kazi kati ya The Number of the Beast ya 1982 na Seventh Son of a Seventh Son ya 1988. Kambi ya pili inazitetea albamu zilizotoka tangu mwimbaji Bruce Dickinson na mpiga gitaa Adrian Smith waliporejea kundini mwaka 1999. Nasimama na hawa wa pili, kwa sababu wimbo hupata hadhi kwa kuimbwa jukwaani mwaka hadi mwaka, na nyimbo za baadaye hazijapewa muda huo. Tazama Fear of the Dark. Albamu yenye jina hilo, ya 1992, wengi huiweka miongoni mwa zile dhaifu. Lakini umati ulizoea kuuimba wimbo huo hadi vipande vya gitaa visivyo na maneno, kama inavyosikika katika rekodi ya Rio de Janeiro ya Januari 2001, na leo onyesho likiisha bila huo watu wananung'unika. Noti ni zilezile za 1992.

Wapinzani watasema nyimbo mpya ni ndefu mno. Urefu haukuanza jana: Rime of the Ancient Mariner ya 1984 inapita dakika 13, na hao hao wanaiabudu. Hata hivyo wana hoja kwa sehemu. Tangulizi za besi za taratibu zimejirudia kupita kiasi, na albamu nzima ya Senjutsu ya 2021, yenye zaidi ya dakika 80, ilihitaji mkasi. Lakini msikilize Dickinson katika Empire of the Clouds ya 2015, dakika 18 alizozitunga kwa piano. Yeye mwenyewe ni rubani, na anasimulia habari za R101, meli ya anga ya Uingereza iliyoanguka na kuteketea Ufaransa Oktoba 1930, watu 48 wakapoteza maisha. Piano inaanza kwa upole, magitaa yanaingia kadiri dhoruba inavyokaribia, kisha mwishoni piano inabaki na wafu. Katika albamu za miaka ya themanini sijasikia huzuni iliyotulia namna hii.

Ndiyo maana ziara iliyoanza 2023 ilikuwa ya haki: nyimbo za Senjutsu zilipangwa bega kwa bega na za Somewhere in Time ya 1986, na Alexander the Great ikapigwa jukwaani kwa mara ya kwanza tangu irekodiwe. Ziara ya miaka 50, iliyoanza 2025, ikageuza mwelekeo na kuchota kutoka albamu tisa za mwanzo tu, zinazokomea 1992. Viwanja vilijaa, sikatai. Lakini bendi iliyodiriki mwaka 2006 kupiga A Matter of Life and Death yote, mwanzo hadi mwisho, mbele ya watu waliokuwa wakidai vibao vya zamani, haikupaswa kuadhimisha nusu karne kwa kuiacha nje miaka 33 ya kazi yake.