Kiyoyozi cha Gari, Ukungu wa Kioo na Gharama ya Mafuta

Madereva wengi wa Afrika Mashariki hukihesabu kiyoyozi cha gari kuwa chombo cha kupambana na joto peke yake, yaani kitu cha kuwashwa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari na kuzimwa mara gari linapoanza kupanda kuelekea Njombe au Limuru, na ndiyo maana huona ajabu, wengine hata huona hasara, pale kinapojiwasha chenyewe baada ya kubonyezwa kitufe cha kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Wapo wanaokimbilia kukizima papo hapo ili kuokoa petroli. Dhana hiyo inaeleweka, lakini inasahau kwamba kiyoyozi, popote kilipo, hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, kupoza hewa na kuikausha, na kwamba kazi ya pili ndiyo iliyosababisha kibuniwe. Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier alipochora mtambo wake wa kwanza, alikuwa akikitafutia dawa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, New York, ambako karatasi zilivimba na kusinyaa kwa kufuata unyevu wa hewa, hata rangi zilizopigwa moja baada ya nyingine zikashindwa kukaa mahali pake. Starehe ya watu ilifuata baadaye.

Katika magari safari ilikuwa ndefu zaidi. Kampuni ya Packard ya Marekani ilipoonyesha magari yenye kiyoyozi mwishoni mwa mwaka 1939, mitambo ilimeza nafasi kubwa ya buti, na kwa kuwa kompresa haikuwa na klachi, mwenye gari aliyetaka kuizima kabisa ilimbidi afungue boneti na kuuvua mkanda kwa mikono yake. Hatua iliyo muhimu zaidi kwa mada hii ilikuja mwaka 1954, pale kampuni ya Nash ilipounganisha hita, kiyoyozi na njia za hewa katika mfumo mmoja uliokaa mbele ya gari, kwani bila muungano huo hewa isingeweza kupozwa na kupashwa moto kwa zamu kabla ya kufika kwenye kioo.

Mfumo wenyewe huendeshwa na gesi inayozunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na katika magari mengi yanayotembea Tanzania na Kenya gesi hiyo ni ile inayojulikana kwa jina la R-134a, ambayo katika mgandamizo wa kawaida wa hewa huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Kompresa, ambayo ni pampu inayozungushwa na mkanda wa injini, huigandamiza gesi hadi ikawa ya moto sana. Kisha gesi hupita kwenye kondensa, wavu wa mabomba membamba ulio mbele ya rejeta, ambako hupoteza joto na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho hulazimishwa kupita kwenye tundu dogo la valvu, mgandamizo hushuka ghafla, nacho huchemka upya ndani ya wavu mwingine ulio nyuma ya dashibodi, ambao mafundi huuita evaporeta. Ili kuchemka, gesi huhitaji joto, na joto hilo hulinyonya kutoka katika hewa inayosukumwa na feni, kwa hiyo wavu huo hubaki na ubaridi wa nyuzi chache tu juu ya sifuri.

Hapo ndipo ukaushaji unapotokea. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 inaweza kubeba hadi gramu 30 hivi za maji katika hali ya mvuke. Ikishushwa hadi nyuzi 20 uwezo wake hupungua na kuwa gramu 17, na kwenye nyuzi 5 haifikii hata gramu 7. Hewa yenye unyevu inapogusa evaporeta, maji yote yanayozidi uwezo huo hayana budi kuiacha, hujikusanya kuwa matone juu ya wavu, na kutoka kwa mrija mdogo unaotokeza chini ya gari, mara nyingi upande wa abiria. Dimbwi dogo la maji safi linaloonekana chini ya gari lililosimama likiwa linanguruma, ambalo huwatia hofu wamiliki wapya, ni unyevu uliotolewa katika hewa waliyokuwa wakiivuta.

Ukungu wa kioo ni tukio hilohilo likitokea mahali pasipotakiwa. Pumzi ya binadamu hutoka ikiwa na joto la mwili na imejaa mvuke, na abiria wanne walioloa mvua, pamoja na miavuli yao na matope ya viatu, hulijaza gari unyevu katika dakika chache, huku kioo cha mbele kikipozwa na upepo na mvua ya nje. Kila hewa ina nyuzi zake ambazo ikifikishwa hapo mvuke wake huanza kugeuka maji, na wanasayansi huziita kiwango cha umande. Kioo kikipoa kupita kiwango hicho, matone madogo hukitanda kama yanavyoitanda chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Anayefuta kwa kitambaa au kiganja huondoa matone, lakini mvuke ulioyazaa anauacha palepale, na kabla hajafika kona inayofuata kioo kimefunga tena.

Hita ikitumiwa peke yake husaidia kwa kiasi, kwa kuwa hukipasha kioo moto, ila haipunguzi hata gramu moja ya maji iliyomo garini, nayo huchukua muda, hasa kama injini bado ni ya baridi. Kiyoyozi na hita vikifanya kazi pamoja mambo hubadilika. Hewa hupita kwanza kwenye evaporeta ikaacha maji yake, halafu hupita kwenye wavu wa hita, unaopata joto kutoka katika maji ya injini, na hufika kwenye kioo ikiwa na joto la nyuzi 30 au zaidi, lakini ikiwa imebeba chini ya robo ya maji ambayo ingeweza kuyabeba. Hewa ya namna hiyo hufyonza matone kwa haraka. Kwa hiyo hakuna ugomvi wowote kati ya vifaa hivyo viwili, ingawa mtu anayeona taa ya kiyoyozi ikiwaka huku hewa ya moto ikimpiga usoni anaweza kudhani kwamba mafuta yanachomwa mara mbili bure.

Magari mengi yaliyotumika Japani, ambayo ndiyo yaliyojaa katika barabara za Tanzania na Kenya, yana vitufe viwili vinavyofanana vya kazi hii. Kimoja kina mchoro wa kioo chenye umbo la kipepeo cha mkono na mishale mitatu ya nyoka inayopanda, nacho ndicho cha kioo cha mbele. Kingine kina mishale hiyohiyo ndani ya umbo la mstatili, nacho ni cha kioo cha nyuma, ambacho hakihusiani na kiyoyozi hata kidogo, kwani huwasha nyaya nyembamba zilizobandikwa kwenye kioo na kutumia umeme wa alteneta. Kipo na kitufe cha tatu kinachosahaulika, chenye mchoro wa gari na mshale unaojipinda ndani yake, ambacho huzuia hewa ya nje na kuizungusha ya ndani. Dereva aliyekibonyeza ili kukwepa moshi wa lori, kisha akakiacha hivyo mvua ikinyesha na kiyoyozi kikiwa kimezimwa, amejifungia pamoja na mvuke wote wa abiria wake. Ndiyo maana katika magari mengi kitufe cha kioo cha mbele huwasha kiyoyozi na kufungulia hewa ya nje kwa pamoja.

Pwani huwa na kisa cha kinyume, ambacho huwachanganya hata madereva wazoefu. Usiku wenye unyevu mwingi, Tanga au Mombasa, kiyoyozi kikielekezwa kwenye kioo hukipoza hadi ukungu ukatanda kwa nje, na kila ubaridi unapoongezwa ukungu huzidi. Hapo waipa hufuta mara moja, na tiba ni kuiondoa hewa baridi kwenye kioo na kuielekeza kifuani.

Kuhusu mafuta, ni kweli kwamba kiyoyozi hakifanyi kazi bure, kwa kuwa kompresa huchota nguvu zake kwenye injini ileile inayozungusha magurudumu, na mwenye gari lenye injini ndogo huisikia klachi ikishika na gari likizembea mlimani. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba katika joto kali sana kiyoyozi kinaweza kupunguza umbali unaokwendwa kwa kila lita kwa zaidi ya asilimia 25, hasa katika safari fupi. Gari lenye kawaida ya kilomita 15 kwa lita, likipungukiwa na robo, hubaki na kilomita 11 na kidogo, na safari za mjini zenye jumla ya kilomita 300, ambazo zingemaliza lita 20, humaliza karibu lita 27. Safari fupi huumiza zaidi kwa sababu gari lililoachwa juani huanza likiwa tanuri, na kompresa hufanya kazi kwa nguvu zake zote katika dakika hizo za mwanzo, ilhali katika safari ndefu hufika wakati ikapumzika. Foleni nayo huongeza hasara ya aina yake: wizara hiyohiyo inakadiria kwamba injini inayonguruma bila gari kwenda hula kati ya robo na nusu galoni kwa saa, yaani takriban lita moja hadi mbili, kutegemea ukubwa wa injini na matumizi ya kiyoyozi.

Mnunuzi anapaswa kujua pia kwamba takwimu zilizotangazwa kwa magari ya Kijapani, zilizopatikana kwa vipimo vya zamani vya 10-15 na JC08, zilipimwa kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Marekani, kuanzia magari ya mwaka 2008, takwimu za lebo hutia maanani jaribio linalofanywa katika nyuzi 35 kiyoyozi kikiwa kinaunguruma, jambo lililo karibu zaidi na hali ya Dar es Salaam. Anayelalamika kwamba gari lake linakula kuliko lilivyotangazwa huenda hana fundi wa kumlaumu.

Hata hivyo hesabu hiyo ya robo haifai kuhamishiwa kwenye ukungu wa Kinale au wa Rungwe. Asubuhi yenye nyuzi 12 kondensa hupoa kwa urahisi, hewa inayoingia ina mvuke mchache na joto dogo la kuondolewa, na kompresa hushika na kuachia kwa vipindi vifupi au, katika magari mapya, hujipunguzia kazi yenyewe. Joto la hita nalo ni la bure, kwa maana lingetupwa nje kupitia rejeta. Kinacholipiwa ni dakika chache za kazi nyepesi, na kuzibana dakika hizo wakati kioo hakionyeshi lori lililo mbele ni ubahili wa mahali pasipo pake.

Petroli huokolewa kwenye joto. Gari lililokaa juani lifunguliwe milango, hewa yake ya moto itoke kabla kiyoyozi hakijawashwa. Ndani ikishapoa, kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kitumike, kwa kuwa ni rahisi zaidi kupoza hewa ambayo tayari imepozwa na kukaushwa. Katika mitaa yenye mwendo mdogo madirisha yatosha, lakini katika barabara kuu ukinzani wa hewa hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo, na gari linalokimbia madirisha wazi hulipa kwa njia nyingine. Katika magari ya zamani, kusogeza swichi ya joto kuelekea upande wa moto hakuokoi kitu, kwani kompresa huendelea na kazi ileile huku hewa ya hita ikichanganywa juu yake.

Mfumo wenyewe hudai uangalizi, kwa sababu gesi inayozunguka ndiyo pia inayobeba mafuta ya kulainisha kompresa, na kukaa miezi bila kuwashwa hukausha vizuizi vya maungio mpaka vikavuja. R-134a ikivuja hewani hunasa joto la dunia kwa zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule, na gesi za jamii yake ndizo zilizopangiwa kupunguzwa katika makubaliano yaliyofikiwa Kigali, Rwanda, mwezi Oktoba 2016. Fundi anayeifungulia hewani ili ajaze upya anastahili kukatazwa. Gesi ikipungua kupita kiasi, swichi ya mgandamizo huizuia kompresa isishike, na kitufe cha ukungu hubaki kupuliza hewa ya hita tu, yenye unyevu wake wote. Kwa hiyo anayekagua gari lililotumika, hata kama anakaa Iringa au Nakuru na haoni haja ya ubaridi, awashe kiyoyozi kwa robo saa, asikilize kama klachi inashika, kisha ainame achungulie chini: katika hali ya hewa yenye unyevu, pasipodondoka maji, kwanza mfumo ukaguliwe, na bei izungumzwe upya.