Wanaoachwa Timu Ikisafiri Nao Wana Haki

Msimu wa mashindano ya michezo ya shule ni wakati wa furaha katika Kaunti ya Kwale. Kuanzia Lunga Lunga hadi Matuga, na huku kwetu Kona ya Musa na Diani, wanafunzi hufanya mazoezi hadi jua linapotua, na wazazi huulizana ni shule gani itakayofika ngazi ya kanda ya Pwani mwaka huu. Lakini ipo jioni moja ambayo mashabiki hawaioni. Ni jioni ile mwalimu wa michezo anapobandika orodha ya watakaosafiri. Wachezaji 30 waliofanya mazoezi pamoja tangu muhula uanze husogea mbele ya karatasi moja, na 12 kati yao hawaoni majina yao.

Nimeketi katika vikao vya kuandaa orodha hizo kwa miaka kadhaa. Leo ninaandika kuhusu hao 12.

Kwanza ni lazima tukubali kwamba kikomo cha wachezaji si uonevu. Kila mchezo una hesabu yake. Kikosi cha kawaida cha soka ni wachezaji 18, yaani 11 wanaoanza na saba wa akiba. Mpira wa kikapu huwa na 12, na kikosi cha raga ya wachezaji saba upande huwa na 12 vilevile. Bila hesabu hizo, shule yenye wanafunzi 1,500 na basi lake yenyewe ingefika uwanjani na jeshi, huku shule ndogo ya huko Kinango ikija na vijana wachache waliochoka kwa safari. Kikomo humlinda mnyonge asizidiwe kwa wingi wa watu tu.

Ipo pia hesabu nyingine ambayo haikuandikwa katika kitabu cha kanuni za mchezo wowote. Hiyo ni hesabu ya viti. Shule isiyo na basi hukodi matatu, na tangu kanuni za usalama barabarani za mwaka 2004 matatu ya kawaida hubeba abiria 14. Soka inahitaji vijana 18, pamoja na kocha na mwalimu anayewajibika kwao. Mwalimu mkuu akiweza kulipia gari moja tu, basi dereva wa matatu ndiye anayegeuka kuwa mteuzi wa timu. Mashindano yakiwa ng'ambo ya Likoni, au mbali zaidi kama Taita Taveta au Lamu, gharama ya chakula na malazi hukata majina mengine. Mwanafunzi aliyeachwa huambiwa kwamba kiwango chake hakijafika, ilhali ukweli ni kwamba kiti hakikutosha.

Shida hii si ya maskini peke yao. Huko Marekani, ambako vyuo vikuu hucheza besiboli kwa fedha ambazo sisi huzisikia kwenye bajeti za serikali, mambo yamekuwa yayo hayo. Timu ya besiboli huwa na wachezaji tisa uwanjani, lakini chuo huhitaji wengi zaidi kwa sababu mkono wa mrushaji huchoka, na aliyerusha leo hawezi kurusha vizuri kesho. Kwa muda mrefu kanuni za chama cha michezo ya vyuo vikuu, NCAA, ziliruhusu kila timu ya daraja la kwanza kugawa ufadhili wa masomo unaolingana na wanafunzi 11.7 tu. Ufadhili huo ulikatwakatwa vipande na kugawiwa wachezaji wengi. Wengine walijilipia karo yote ili mradi wavae sare ya chuo.

Tarehe 6 Juni 2025, jaji Claudia Wilken aliidhinisha mapatano ya kesi kubwa kati ya wanamichezo na chama hicho. Kwa vyuo vilivyojiunga na mpango huo, kikomo cha ufadhili kiliondolewa na mahali pake pakawekwa kikomo cha idadi ya wachezaji. Timu ya besiboli sasa haipaswi kuzidi wachezaji 34, na chuo kikitaka chaweza kuwafadhili wote. Kwa anayebaki ndani, hiyo ni neema. Kwa aliyekuwa wa 35 au wa 40, mlango ulifungwa.

Jambo linalonivutia ni lile lililotokea kabla ya uamuzi huo. Vyuo vilikuwa vimeanza kuwapunguza wachezaji kwa kutarajia kanuni mpya. Mwezi Aprili jaji alikataa kutia sahihi mpaka patafutwe njia ya kuwalinda vijana waliopoteza nafasi zao. Matokeo yake ni kwamba wanafunzi wa kundi hilo waliruhusiwa kuchezea timu bila kuhesabiwa katika kikomo, ingawa chuo hakilazimishwi kuwachukua. Hawakupewa uhakika wa kucheza. Lakini mtu mwenye mamlaka alisimama akauliza, "Na hawa je?" Swali hilo sijalisikia likiulizwa katika vikao vyetu.

Sisi Wakenya tunakijua kikomo kwa uchungu mwingine. Katika Michezo ya Olimpiki kila nchi huruhusiwa wakimbiaji watatu tu katika kila mbio za mtu mmoja mmoja. Katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, mtu wa nne au wa tano nchini Kenya mara nyingi angeweza kushindania nishani duniani. Stephen Cherono alihamia Qatar mwaka 2003, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa dunia jijini Paris mbele ya Ezekiel Kemboi. Sidai kwamba kikomo cha watatu ndicho kilichomhamisha, kwani suala la fedha nalo lilizungumzwa sana. Lakini mwaka 2004, Kenya ilipokataa kumruhusu akimbie Athens kabla ya muda uliowekwa kumalizika, Wakenya watatu, Kemboi, Brimin Kipruto na Paul Kipsiele Koech, walizoa nishani zote. Siku chache baadaye Shaheen aliweka rekodi ya dunia mjini Brussels, ambayo ilidumu hadi 2023. Alikuwa kiumbe wa aina gani huyu asiyetosha mahali popote?

Kwa hiyo kikomo kitakuwepo, na kitawaacha watu wanaostahili. Linalonikera ni pale ambapo wanaoachwa huachwa kwa ajili ya wasiostahili. Tunaikumbuka aibu ya Rio mwaka 2016, pale ilipobainika kwamba watu wasio wanamichezo wala makocha walisafiri na msafara wa Kenya kwa fedha za umma, huku wanamichezo wenyewe wakilalamikia tiketi na sare. Tulipiga kelele sana. Lakini tazama gari la timu ya shule likiondoka. Mara nyingine utamkuta humo mjumbe wa kamati, rafiki wa mkubwa fulani, na mtu ambaye kazi yake haijulikani. Kila mmoja wao amekalia kiti cha mtoto. Na mara nyingine jina la mchezaji aliyefanya mazoezi mwaka mzima hufutwa ili aingie mamluki aliyehamia shuleni wiki tatu kabla ya mashindano. Chanda chema huvikwa pete, lakini siku hizi pete huvikwa chanda cha kuazima.

Jambo hili lilikuwa zito zamani. Sasa ni zito zaidi. Mwezi Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa Gredi ya 10 liliingia shule za upili za juu chini ya mtaala wa umilisi, na mojawapo ya mikondo mitatu ya masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Maana yake ni kwamba kwa baadhi ya wanafunzi wetu michezo si burudani ya baada ya vipindi. Ni somo, na huenda ikawa riziki. Hatuwezi kumwambia mwanafunzi wa hesabu kwamba viti vya darasa vimejaa, kwa hiyo akae nje msimu mzima. Mbona tumwambie hivyo mwanafunzi wa michezo?

Ninawapendekezea walimu wenzangu mambo manne, na hakuna hata moja linalongoja bajeti ya wizara. Kwanza, vigezo vya uteuzi viandikwe na kubandikwa mwanzoni mwa muhula: mahudhurio ya mazoezi, uwezo, nidhamu. Mwanafunzi aliyeachwa aweze kuuliza sababu na ajibiwe kwa yale yaliyoandikwa. Pili, kikomo cha wasindikizaji kiwekwe kabla ya kikomo cha wachezaji. Mtu mzima asiye na kazi katika timu asipande gari hadi mchezaji wa mwisho awe ameketi.

Tatu, wa akiba wachezeshwe. Kumsafirisha kijana kilomita mia mbili akaketi benchi kutwa nzima, hata timu yake inapoongoza kwa mabao manne, ni kumfundisha kwamba jasho lake ni pambo. Nne, shule jirani zipange mechi za vikosi vya pili. Kutoka Kona ya Musa hadi Ukunda si safari ya kulala njiani, na vijana wanaweza kwenda kwa miguu. Mashindano ya namna hiyo hayahitaji kombe wala wageni wa heshima. Yanahitaji mpira, refa na mwalimu mmoja aliye tayari kutoa Jumamosi yake.

Na kwenu wanafunzi, kuachwa mara moja si hukumu ya maisha. Anayeachwa mwaka huu na asiache mazoezi ndiye mwalimu humtafuta mwaka ujao, wa mbele yake wakisha kuondoka shuleni. Lakini msinyamaze mkiona jina limefutwa kwa hila. Ulizeni kwa adabu, na mwulize mkiwa pamoja.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Katika kikao cha kuteua timu, wanafunzi 12 hawapo, na wazazi wao hawapo. Tuliopo ni sisi walimu. Tusipowasemea, karatasi itabandikwa jioni, gari litaondoka alfajiri, na hakuna atakayeuliza viti vilikaliwa na nani.